Kusahihisha Bila Kufuta

Lugha ya COBOL ina kanuni moja ambayo wanafunzi huikariri bila kuitafakari: faili husomwa, rekodi huandikwa. Anayetaka data hutaja jina la faili baada ya amri ya READ, naye hupewa rekodi iliyo zamu yake, iwe ndiyo aliyoitamani au siyo. Anayetoa data hutaja jina la rekodi baada ya amri ya WRITE, maana lazima ajue hasa ni kitu gani anakiweka. Msomaji hana uchaguzi, mwandishi ana wajibu. Kanuni hii hukaza zaidi pale faili linapokuwa la mfuatano, aina kongwe na sahili kuliko zote, ambamo rekodi hupangwa kama shanga kwenye uzi. Huwezi kuifikia ya elfu kumi ila umezipitia zote 9,999 zinazoitangulia, wala huwezi kuchomeka mpya katikati bila kuufumua uzi mzima. Wengi huona hapo umaskini wa zama za utepe wa sumaku, tulioshukuru kuuacha nyuma. Mimi naona jambo jingine. Masharti hayo magumu yaliwafunza watunzaji wa kumbukumbu namna ya kusahihisha bila kufuta, ili hali ya leo isimame pamoja na ushahidi wa jinsi ilivyotokana na hali ya jana. Elimu hiyo tumeipoteza mahali pengi, na hasara yake inawaangukia watu ambao hawajawahi kuliona faili lolote la kompyuta: wafanyakazi, wastaafu, wenye akaunti, walipa kodi.

Chimbuko la masharti haya linajulikana. Mwezi Mei 1959 wawakilishi wa serikali ya Marekani, makampuni ya kutengeneza kompyuta na wateja wao walikutana Pentagon kutafuta lugha moja kwa kazi za biashara, kwa kuwa kila mashine ilikuwa na lugha yake na kuhama kutoka moja kwenda nyingine kulimaanisha kuandika kila kitu upya. Lugha ya FLOW-MATIC ya Grace Hopper iliacha alama kubwa katika kilichozaliwa, na Desemba 1960 programu ileile ya COBOL, ikiwa na mabadiliko machache tu, iliendeshwa kwenye mashine za makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana, RCA 501 na UNIVAC II. Ili hilo liwezekane, mambo yalitenganishwa. Sehemu moja ya programu hutaja mashine na mahali faili lilipo, nyingine hueleza umbo la rekodi herufi kwa herufi na tarakimu kwa tarakimu, na ya mwisho ndiyo hubeba amri za kazi. Faili halifunguliwi kiholela. Mwandishi wa programu hutangaza nia yake kabla ya kugusa chochote: OPEN INPUT ni kusoma tu, OPEN OUTPUT ni kuandika faili jipya, OPEN EXTEND ni kuongeza mwishoni mwa lililopo, na OPEN I-O ni kusoma na kuandika juu ya kilichosomwa. Aliyefungua kwa kusoma akajaribu kuandika hukataliwa kwa msimbo 48. Aliyefungua kwa kuandika akajaribu kusoma hupata 47. Hata mwisho wa faili una msimbo wake, 10, na hauhesabiwi kuwa kosa, ni tukio ambalo programu inatarajiwa kuwa imejiandaa nalo. Anayeendelea kuomba rekodi baada ya kuambiwa zimekwisha ndiye mkosaji, naye hupewa 46. Nia hutamkwa mapema, na kila tendo hupimwa kwa nia hiyo.

Tuichukue kazi iliyolifanya faili la mfuatano kuwa mhimili wa ofisi kwa miongo kadhaa, yaani orodha ya mishahara. Kuna faili kuu lenye rekodi moja kwa kila mfanyakazi, limepangwa kwa namba zao kutoka ndogo hadi kubwa. Kuna pia faili la mabadiliko ya mwezi: aliyeajiriwa, aliyepanda cheo, aliyestaafu, aliyefariki. Nalo hupangwa kwa namba zilezile kabla ya kazi kuanza, na upangaji huo haukuwa kazi ndogo. Mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aliandika mwaka 1973 kwamba watengenezaji wa kompyuta walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 25 ya muda wa mashine zao ulitumika kupanga data. Programu hushika rekodi moja ya kila upande na kulinganisha namba. Namba ya faili kuu ikiwa ndogo, mfanyakazi huyo hana badiliko mwezi huu, na rekodi yake hunakiliwa kama ilivyo kwenye faili kuu jipya. Zikilingana, badiliko hufanywa, na programu hutazama kama lipo jingine la mtu huyohuyo kabla ya kuandika. Namba ya badiliko ikiwa ndogo, basi mtu huyo hayumo: ama ni mwajiriwa mpya, ama kuna kosa la kuripotiwa. Faili moja likiisha mapema, programu hulipatia thamani iitwayo HIGH-VALUES, kubwa kuliko namba yoyote inayowezekana, ili lililobaki liendelee kutangulia katika kila ulinganisho mpaka nalo liishe.

Kazi hii husimulika kwa sentensi chache, ila imewashinda wengi. Mtu huweza kuajiriwa na kuondolewa mwezi uleule. Badiliko la anwani huweza kumhusu mtu ambaye rekodi yake imeundwa dakika hiyohiyo na bado haijaandikwa popote. Mwaka 1975 Michael Jackson, mtaalamu Mwingereza wa uandishi wa programu, alijenga nadharia nzima juu ya tatizo hili katika kitabu chake Principles of Program Design: umbo la programu litokane na umbo la data inayosomwa, na rekodi ya kwanza isomwe mara faili linapofunguliwa, kabla ya mzunguko wa kazi kuanza, ili programu iwe daima imetangulia hatua moja na kujua kilicho mbele yake. Zaidi ya miaka ishirini baada ya COBOL kuzaliwa, jarida la Communications of the ACM lilichapisha makala ya Barry Dwyer ambayo kichwa chake kilitangaza kwamba anaeleza kwa mara nyingine jinsi ya kuboresha faili kuu. Mwaka ulikuwa 1981, na bado lilihitaji kuelezwa. Ninataja ugumu huu kwa sababu kuna dhana kwamba faili la mfuatano ni somo la wiki ya kwanza, la kupitwa haraka ili kufikia mambo ya maana. Anayeweza kuandika vizuri programu ya kuoanisha mafaili mawili yaliyopangwa ameshajifunza kufikiri juu ya mpangilio, juu ya mwisho, na juu ya visa vinavyotokea kwa nadra lakini vikitokea vinamnyima mtu mshahara.

Sasa tuangalie kinachobaki kazi ikishamalizika. Faili kuu la zamani lipo, halijaguswa. Faili la mabadiliko lipo. Faili kuu jipya lipo. Yeyote mwenye shaka anaweza kuchukua mawili ya kwanza, akaiendesha programu tena, akapata la tatu. Kuna pia hesabu ambayo haina budi kulingana: rekodi za zamani, jumlisha zilizoongezwa, toa zilizoondolewa, ni sawa na rekodi mpya. Tuseme wafanyakazi walikuwa 40,000, wakaajiriwa 312, wakaondoka 150; faili jipya lisipokuwa na rekodi 40,162 kamili, hakuna hundi inayochapishwa. Jumla za fedha nazo hukaguliwa vivyo hivyo, mara nyingi kwa rekodi maalumu iliyowekwa mwishoni mwa faili kubeba idadi na jumla zinazotarajiwa. Ulinzi ulifika hadi kwenye chombo chenyewe. Gurudumu la utepe lilikuwa na mfereji wa kutilia pete ndogo ya plastiki, na pete isipokuwapo mashine haikuweza kuandika, kwa hiyo utepe wa zamani ulipandishwa bila pete na programu yenye kasoro haikuwa na uwezo wa kuuharibu. Tepe zikatunzwa kwa vizazi vitatu, babu, baba na mwana: mwana akiharibika, baba na mabadiliko ya mwezi vinamzaa upya; baba akiharibika pia, babu yupo.

Wahasibu hawakuhitaji kufundishwa hili. Luca Pacioli alipochapisha mjini Venice mwaka 1494 maelezo ya uwekaji hesabu wa wafanyabiashara wa huko, alieleza madaftari matatu yanayopokezana, la kumbukumbu za papo hapo, jarida na leja, na muamala hupita katika yote kwa utaratibu. Tangu hapo mhasibu mwadilifu hafuti kwa raba. Akikosea, huandika ingizo jipya la kusahihisha, na kosa hubaki likisomeka pamoja na marekebisho yake. Leja inatuambia salio ni kiasi gani, jarida linatuambia limefikaje hapo. Hifadhidata za leo nyingi zimejengwa kama leja isiyo na jarida machoni pa mtumiaji: karani anaita jina, anabadilisha namba, anabonyeza kitufe, na mshahara wa jana umetoweka. Kama hakuna aliyekumbuka kuagiza historia itunzwe, hakuna historia. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa imeondoa zaidi ya watumishi hewa 10,000 katika orodha ya malipo. Kutambua jina lisilo na mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua rekodi hiyo iliingia mwezi gani, kwa badiliko lipi, kwa idhini ya nani, au ni taarifa ipi ya kifo au kustaafu ambayo haikuwahi kuingizwa. Orodha inayoonyesha hali ya sasa peke yake haiwezi kujibu maswali hayo hata ikiwa sahihi kabisa. Ni mfululizo wa vizazi vya orodha, pamoja na mabadiliko yaliyovizaa, unaoweza kujibu.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema ninaivisha shida vazi la hekima: watu wa utepe walinakili faili zima kwa sababu utepe haukuwaruhusu kuandika katikati, na kama wangeweza wangeandika. Ninakubali nusu ya hoja hii. Ni kweli kwamba COBOL yenyewe, mara diski zilipoenea, ilikubali amri ya REWRITE, ambayo kwayo rekodi iliyosomwa muda huo huweza kuandikwa upya palepale ilipo, kwa urefu uleule, na ya zamani ikapotea. Wengi waliitumia. Lakini asili ya desturi haimalizi swali la thamani yake. Tazama kilichotokea pale shida ilipoondoka. Mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM una utaratibu wa kutunza mafaili kwa vizazi, ambamo jina moja hubeba mfululizo wa matoleo: la sasa huitwa 0, jipya linaloandikwa huitwa +1, lililolitangulia la sasa huitwa -1. Utaratibu huo unafanya kazi kwenye diski, ambako hakuna kinachomlazimisha mtu kunakili faili zima, na mpaka leo idara za fedha zinautumia. Waliokuwa huru kuacha hawakuacha. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba kazi ya usiku inapovunjika katikati, mwenye faili la jana huanza upya na kulala, na aliyeandika juu ya faili lake hajui tena ni rekodi zipi zimeshaguswa na zipi bado.

Pingamizi la pili ni la kasi, nalo ni zito zaidi. Anayetaka kujua kama kuna kiti kwenye ndege ya jioni hawezi kusubiri faili lisomwe tangu mwanzo. Ndiyo maana IBM, iliyotoa mashine ya 305 RAMAC mwaka 1956 ikiwa na diski 50 zilizobeba takriban herufi milioni tano, ilijenga kwa ajili ya shirika la ndege la American Airlines mfumo wa SABRE, mwanzoni mwa miaka ya 1960, juu ya kumbukumbu zinazofikiwa moja kwa moja. Kwa maswali ya namna hiyo faili la mfuatano halifai, na sina nia ya kulitetea. Ila kasi inategemea ni sehemu gani ya faili inaguswa. Chukua rekodi milioni moja, kila moja ya baiti 100. Diski ya kawaida ya kuzunguka huhitaji kama milisekunde 10 kukipeleka kichwa chake mahali panapotakiwa, kwa hiyo kuzitafuta zote moja moja kwa mpangilio wa ovyo ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47. Diski hiyohiyo ikisoma kwa mfululizo megabaiti 100 kwa sekunde, inazimaliza kwa sekunde moja. Kwa rekodi 50 kati ya milioni, kutafuta kunashinda. Kwa mishahara, riba, ankara za maji na umeme, na matokeo ya mitihani, ambako kila rekodi lazima iguswe, kutembea kwa mfululizo ndiko kasi. Diski za kielektroniki zisizozunguka zimelipunguza pengo hilo sana, lakini hazijaliziba. Na jambo hili huniridhisha kila ninapolifikiria: kazi zinazomgusa kila raia ndizo ambazo kwazo utaratibu wa kumpitia kila mmoja, bila kumruka yeyote, ni wa haki na wa haraka kwa wakati mmoja.

Kuna pia wanaoidharau lugha yenyewe. Mkali kuliko wote alikuwa Edsger Dijkstra, mwanasayansi Mholanzi, ambaye mwaka 1975 aliandika kwamba COBOL inalemaza akili na kuifundisha kungepaswa kuhesabiwa jinai. Alikuwa na sababu. Matoleo ya zamani yalimruhusu mwandishi kurukaruka ndani ya programu mpaka asiyeiandika asiweze kuifuata, na maelezo ya rekodi yana hatari yake: anayekosea upana wa sehemu moja kwa herufi moja husogeza kila kinachofuata, na mashine huendelea kusoma takataka kwa utulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini mwaka uliofuata, katika kitabu chake A Discipline of Programming, Dijkstra huyohuyo aliitengea sura nzima kazi ya kuboresha faili la mfuatano, na suluhisho alilolionyesha alilinasibisha na mwenzake Feijen. Suluhisho lile ni zuri kwelikweli. Linaanza kila duru kwa kuchagua namba ndogo kuliko zote zilizo mkononi, linaamua kama rekodi yenye namba hiyo ipo au haipo, linatekeleza mabadiliko yote ya namba hiyo, kisha linaandika kama bado ipo. Visa vilivyowasumbua watu, kama vile kuajiri na kuondoa ndani ya mwezi mmoja, vinajimaliza vyenyewe. Adui mkubwa wa lugha aliona kwamba tatizo ambalo lugha hiyo ililibeba kila usiku lilistahili fikra zake bora. Hukumu yake juu ya COBOL inaweza kusimama. Haiangushi chochote kuhusu faili la mfuatano.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka kwa wajenzi wa mifumo mipya, wengi wao wakiwa hawajaandika hata mstari mmoja wa COBOL. Walipotaka hifadhidata isipoteze miamala umeme unapokatika, walirudi kwenye kuandika mwishoni mwa faili. PostgreSQL, hifadhidata huria inayotumika duniani kote, tangu toleo la 7.1 la mwaka 2001 huandika kwanza kila badiliko kwenye kumbukumbu ya mfululizo, kisha ndipo mafaili ya majedwali yanapofuata. Mashine ikianguka, mfululizo ule husomwa tena kwa utaratibu na majedwali hurudishwa mahali pake. Kafka, iliyozaliwa katika kampuni ya LinkedIn na kutolewa kwa umma mwaka 2011, ni mafaili ya mfuatano yanayoongezwa mwishoni na kusomwa kwenda mbele, kila msomaji akishika alama ya mahali alipofikia. Na utepe wenyewe haukufa. Mwezi Februari mwaka huohuo wa 2011 kasoro ya programu ilifuta barua za asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Nakala zilikuwapo katika vituo zaidi ya kimoja, lakini kasoro ilizifikia, kwa sababu zote zilikuwa hewani na zote zilikuwa tayari kuandikwa. Google ilizirudisha barua kutoka kwenye tepe, ambazo kasoro haikuweza kuzigusa. Kanuni iliyowaokoa ndiyo ileile ya gurudumu lisilo na pete.

Imebaki hoja ambayo naiona ngumu kuliko zote, na inatoka upande ambao watetezi wa kumbukumbu hawaupendi. Kumbukumbu isiyofutwa inaweza kuwa dhuluma. Mtu aliyewahi kuandikwa vibaya, mgonjwa ambaye taarifa zake zilichukuliwa bila ridhaa, mdaiwa aliyelipa deni lake miaka mingi iliyopita, wana haki ya kusahauliwa kwa kiasi fulani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatambua haki ya kudai taarifa zisahihishwe au zifutwe, na Tanzania nayo ikapata sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Je, utaratibu wa kutofuta haupingani na haki hiyo? Unapingana pale unapotekelezwa bila kikomo, na mifumo mingi ya leo imefika hapo kwa sababu nafasi ya kuhifadhi imekuwa rahisi na hakuna anayepata hasara kwa kulimbikiza. Watu wa tepe hawakuwa hivyo. Tepe ziligharimu fedha, kwa hiyo kizazi kipya kilipothibitishwa, utepe wa babu ulirudishwa kazini na kuandikwa upya. Aliyeondolewa kwenye faili kuu hakunakiliwa kwenye lile jipya, na baada ya vizazi vichache hakuwamo popote, isipokuwa pale ambapo sheria iliamuru atunzwe. Kusahau kulikuwa na ratiba iliyojulikana, na hakuna karani aliyeweza kuiharakisha kwa siri ili kuficha wizi wala kuichelewesha kwa uzembe. Haki ya mtu kufutwa na haki ya umma kukagua hukutana vizuri katika utaratibu wa namna hiyo kuliko katika hifadhidata ambamo kitu hufutwa papo hapo bila alama, au kuliko ghala lisilosahau chochote milele.

Sisemi turudi kwenye tepe, wala kwamba kila kijana ajifunze COBOL, ingawa wenye kuijua bado wanahitajika. Aprili 2020, janga la Uviko lilipozielemea ofisi za msaada wa wasio na ajira, gavana wa New Jersey alijitokeza hadharani kuomba wataalamu wa lugha hiyo wajitolee. Ninachowaomba wakufunzi wa vyuo vyetu ni kwamba zoezi la kuoanisha faili kuu na faili la mabadiliko lisiondolewe kwenye mitaala, kwa lugha yoyote watakayoichagua, na mwanafunzi asipewe alama mpaka aonyeshe kwamba rekodi zilizoingia na zilizotoka zinalingana. Na kwa wale wanaoagiza mifumo ya mishahara, ya pensheni, ya ardhi na ya mikopo ya wanafunzi: kabla ya kutia sahihi, mwulizeni mjenzi faili la jana litakuwa wapi kesho, nani ataweza kuandika juu yake, na litafutwa tarehe gani. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu kwa maandishi asipewe kazi.